Kabla hujamwambia mtu "jina lako halitatoka"

Ndugu zangu mnaoandika habari, hasa nyie mlioanza juzijuzi, hilo neno tunalitoa kirahisi mno wakati aliyekaa mbele yako ni mhasibu wa halmashauri aliyekuletea siri ya ofisi na ana watoto wanamtegemea.

Kwanza mweleze ukweli wa sheria. Wengi wanadhani ile sheria ya Tanzania ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi inawafunika, kumbe inamlinda anayepeleka taarifa kwenye mamlaka husika, sio anayekuletea wewe mwandishi, kwahiyo mwambie hivyo kabla hajafungua bahasha. Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao wa mijadala, alikamatwa Desemba 2016, polisi walitaka taarifa za watu walioandika kule, akagoma, kesi ikaenda mpaka Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Jiulize kwa dhati kama wewe utaweza, na kama huna uhakika usimuahidi.

Simu ndo inauza watu. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, orodha ya nani kampigia nani na saa ngapi ipo kampuni ya simu na wakiombwa na polisi hawaji kukuuliza wewe, bora muonane ana kwa ana na simu mziache nyumbani. Usimsevu jina. Picha ya dokumenti usiirushe kama ilivyo, ndani yake inaweza kubeba saa na mahali ilipopigwa, halafu kama barua ile walipewa watu wanne tu ofisini basi ukiionyesha umeshamtaja. Weka nywila ndefu badala ya kidole, kagua na bekapu ya WhatsApp. Kama ni kufuta, futa mapema, ukishapata wito wa polisi au mahakama usiguse kitu maana utajiongezea kesi.

Kubaliana na mhariri nani mwingine anajua jina. Namba ya wakili andika kwenye karatasi kwasababu simu itachukuliwa, THRDC, ule mtandao wa watetezi wa haki za binadamu Tanzania, wanasaidia waandishi kwenye hili. Wakili wako aijue hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Mei 2015, waandishi wa Burundi walipinga kifungu cha kuwalazimisha kutaja vyanzo na wakashinda, na Tanzania nayo imesaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotumika kwenye hukumu hiyo.

Siku moja kabla habari haijatoka mfuate, msomee aya zinazomhusu, akisema "hapa watanijua" itoe hiyo aya hata kama ndo tamu kuliko zote.