Kumzoesha mjusi mwenye ndevu mkono wako, hatua kwa hatua

Siku ya kwanza nilipomtoa Shaba kwenye tangi lake la kioo, nilishusha mkono kutoka juu nikamshika mgongoni. Papo hapo kidevu chake kikawa cheusi, mwili ukatutumka, mdomo ukabaki wazi. Nikaamini nimepewa mjusi mkali. Ukali haukuwa wake. Mimi ndiye niliyemjia kama mwewe, na kuirudisha imani yake kulinichukua karibu mwezi mzima.

Mjusi huyu asili yake ni nyika kame za katikati ya Australia, ambako ndege wawindaji humshukia kutoka angani. Utosini ana jicho la tatu, doa dogo lisiloona sura wala umbo, lakini linalohisi mwanga ukikatika ghafla. Kivuli cha mkono wako kikipita juu ya doa hilo, mwili wake umeshajibu kabla hajakutazama. Mengi ya hatua zinazofuata yanaanzia hapo: usimkamate, mfanye aje mwenyewe.

Kabla ya yote: joto

Mjusi aliyepoa hafundishiki. Damu yake hufuata joto la mahali alipo, na akiwa baridi atatulia tuli hata ukadhani amekuzoea, kumbe hana nguvu za kukimbia. Pima joto la jiwe au gogo analootea jua chini ya taa: liwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Upande wa pili wa tangi uwe kati ya 24 na 28, ili achague mwenyewe. Usikadirie kwa kiganja, tumia kipimajoto.

Taa ya urujuanimno (UV) nayo si pambo. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila vitamini hiyo hawezi kuitumia kalsiamu anayokula. Mifupa hulainika, hupinda, hatimaye huvunjika. Mjusi mwenye mifupa ya namna hiyo anaumia anapobebwa, kwa hiyo ukiona miguu inatetemeka au taya limelegea, achana na mafunzo umpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Hatua ya 1: Mwache

Wiki mbili za kwanza usimguse. Mlishe, badilisha maji, okota kinyesi, ondoka. Ukipata nafasi, keti karibu na tangi, macho yenu yakiwa usawa mmoja, uendelee na shughuli zako. Anapokula mbele yako bila kusitasita, ndipo uendelee.

Hatua ya 2: Jifunze kumsoma

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote.

Kidevu cheusi kilichovimba maana yake ni hofu au hasira. Dume pia hufanya hivyo anapotamba mbele ya dume mwenzake au jike, mara nyingi huku akitikisa kichwa juu na chini kwa nguvu. Mkono mmoja unaoinuliwa na kuzungushwa taratibu, kama mtu anayepunga, ni unyenyekevu: anasema hataki ugomvi. Watu huona ni salamu, wakasogea zaidi. Ukiuona mkono huo, rudi nyuma hatua moja.

Mdomo wazi una maana mbili. Akiwa chini ya taa, ametulia, kidevu hakijabadilika rangi, anapunguza joto tu. Akiwa anakutazama na kidevu ni cheusi, anakuonya. Vivyo hivyo kujibapa: asubuhi chini ya taa anajitandaza ili apate joto upesi, lakini akijibapa na kuinamisha ubavu kuelekea mkono wako, anajifanya mkubwa akutishe.

Lipo jambo moja ambalo mimi na wafugaji wengine hatukubaliani. Mjusi akifumba macho wakati anapapaswa kichwani, wao husema anafurahia. Mimi nimemtazama Shaba kwa miaka, na naona mara nyingi anavumilia tu, anafumba ili kisichompendeza kisiwepo. Tazama mwili uliobaki. Akifumba macho huku amejilegeza tumboni na kidevu kimelala, sawa. Akifumba huku shingo imekaza, toa kidole.

Michirizi myeusi tumboni kwa mjusi mchanga au aliyehamishwa karibuni ni dalili ya msongo. Ikionekana, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Mkono uwe sehemu ya tangi

Ingiza mkono kutoka mbele au ubavuni, chini kabisa, polepole, akiuona tangu mwanzo. Ulaze kiganja juu ya sakafu ya tangi na usifanye lolote. Dakika tano. Toa. Kesho yake rudia.

Siku ya tatu au ya nne weka majani mabichi juu ya kiganja. Wadudu mimi humpa kwa koleo, kwa sababu nyenje anayeruka humfanya mjusi adake bila kulenga, na kidole kikidakwa wewe utashtuka na yeye atashtuka zaidi. Majani hayakimbii, anayala kwa utulivu huku harufu yako ikiwa karibu. Utamwona akikuramba. Hakubusu, anakutambua: ulimi ndio pua yake ya pili.

Ngoja mpaka aweke mguu wa mbele juu ya kiganja kwa hiari yake. Wengine huchukua siku tano, wengine wiki sita. Usimsukume.

Hatua ya 4: Kumbeba

Akishapanda mwenyewe, kiganja kimoja kiwe chini ya kidari, cha pili kibebe nyonga na shina la mkia. Miguu yote minne iguse kitu. Mguu unaoning'inia humfanya ahisi anaanguka, naye hujirusha. Kaa sakafuni mara za mwanzo, ili hata akiruka asiumie.

Mkia usiushike kabisa. Mjusi kafiri wa ukutani hukatika mkia akaota mwingine, huyu hauoti tena. Wala usimlaze chali. Hana kiwambo cha kusaidia kupumua kama chetu, na akilala mgongoni uzito wa mwili hubana mapafu. Utulivu wake akiwa chali si usingizi. Kucha zikinasa kwenye nguo, msogeze mbele kidogo ziachie zenyewe, usivute.

Anza na dakika tano, ongeza taratibu hadi robo saa. Nje ya taa anapoa, kwa hiyo mrudishe kwenye joto kabla hajawa mzito wa mwendo. Usimbebe ndani ya saa mbili baada ya kula, kwani chakula husagika kwa joto. Usimbebe taa zikiwa zimezimwa, wala anapojivua ngozi, wakati ambao hata mguso mwepesi humkera. Ngozi hiyo usimbambue, itadondoka yenyewe.

Akianza kupapatika mkononi, mshushe karibu na sakafu, mshike kwa upole mpaka atulie kwa sekunde chache, ndipo umrudishe. Ukimrudisha katikati ya papara, anajifunza kwamba papara ndiyo ufunguo wa kurudi nyumbani. Lakini kidevu kikiwa cheusi na mdomo wazi, hilo si somo tena. Mwache aende.

Kila ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela wakiwa wazima kabisa. Asitembee jikoni, asibusiwe, na watoto chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasimshike.

Hatua ya 5: Fimbo yenye rangi

Baada ya kubebeka, anaweza kufundishwa mengi zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza, walionyesha kwamba mijusi wenye ndevu waliomtazama mwenzao akifungua kijilango cha waya kwa kukisukuma pembeni waliweza kumuiga, ilhali wale ambao hawakuonyeshwa hawakufanikiwa.

Chukua kijiti, ncha yake ipake rangi moja inayokoza. Asubuhi, akishaota joto na kabla hajala, ionyeshe ncha kama sentimita kumi mbele ya pua yake. Akiitazama tu, mpe funza mmoja kwa koleo, mara moja, kabla hajageuza kichwa. Ukichelewa, anajifunza kitu kingine. Baada ya siku kadhaa subiri asogee hatua moja. Kisha aiguse. Kisha afuate ncha nusu mita. Dakika tano zinatosha, mara tatu au nne kwa wiki.

Mjusi aliyekomaa chakula chake kikuu ni majani, kwa hiyo wadudu wa zawadi wahesabu ndani ya mgao wake, la sivyo atanenepa. Usimpe wadudu uliookota nje, na vimulimuli hasa kamwe: mmoja tu anaweza kumuua.

Leo Shaba hufuata fimbo mpaka juu ya mzani wa jikoni niliomtengea yeye pekee, nami humpima kila wiki bila kumgusa. Hufuata pia hadi ndani ya sanduku la safari, jambo lililoondoa vita vya kumpeleka kwa daktari.

Ikiwa mambo hayaendi

Mjusi mpole akibadilika ghafla, chunguza afya kwanza: macho yaliyozama, kukataa chakula, kinyesi kisicho cha kawaida. Mjusi aliyekomaa anaweza pia kuzubaa kwa wiki kadhaa wakati wa baridi, akilala sana na kula kidogo. Kipindi hicho simamisha mafunzo, endelea kumpima uzito. Akipungua sana, muone daktari.

Na ikiwa umefuata yote, mwezi umepita, bado kidevu ni cheusi na siku nzima anaparura kioo, kitazame kioo chenyewe taa zikiwa zimewaka. Huenda anamwona mjusi mwingine, yaani taswira yake, na hawezi kumtoroka. Mimi nilibandika karatasi ya kahawia kwa nje, pande tatu, usiku Shaba akiwa amelala. Asubuhi kidevu kilikuwa na rangi yake ya mchanga, na saa tano akaja kula majani kiganjani.