Jinsi ya kufuatilia mababu wa Québec bila kupotezwa na majina ya "dit"

Waswahili wengi tunaoishi Québec tumeoa au tumeolewa huku, na upande mmoja wa nasaba ya watoto wetu umo kwenye rejista za parokia za Nouvelle-France, koloni la zamani la Ufaransa. Nimemsaidia mama mkwe wangu kuufuata ukoo wake hadi karne ya 17, na njia niliyotumia, pamoja na kukabili majina ya "dit" (lakabu za ukoo), ni hii.

Hatua ya 1: Tafuta ndoa, usitafute mtu

Mtu mmoja hupotea kirahisi, lakini mume na mke wakiandikwa pamoja hupatikana. Anza na ndoa ya zamani kabisa unayoijua, urudi nyuma ndoa kwa ndoa. Hati ya ndoa ya Kikatoliki hutaja wazazi wa pande zote mbili, na mwanamke huandikwa kwa ukoo wa baba yake hata akishaolewa, kama ilivyo kwetu pwani. Ila mjane au mgane alipofunga ndoa tena, mara nyingi padri aliandika jina la marehemu tu, akawaacha wazazi. Hapo itafute ndoa ya kwanza.

Hatua ya 2: Fungua rejista yenyewe

Picha za rejista zipo bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Hifadhidata ya PRDH ya Chuo Kikuu cha Montréal, iliyokusanya kumbukumbu za parokia, hulipiwa, lakini inastahili kila senti kwa sababu imekwisha kuziunganisha familia. Miti ya ukoo inayopandishwa mtandaoni na kila mtu mimi naichukulia kama fununu tu.

Hatua ya 3: Majina ya "dit"

Hapa ndipo watu hukesha. Familia nyingi zilikuwa na jina la ukoo pamoja na lakabu, zikiunganishwa na neno "dit", yaani "aitwaye". Askari walipewa lakabu jeshini, wakiwemo wa kikosi cha Carignan-Salières kilichofika 1665: Lafleur, Sansoucy, Jolicoeur. Wengine waliitwa kwa walikotoka: Langevin ni mtu wa Anjou, Saint-Onge ni wa Saintonge, yote mikoa ya Ufaransa.

Shida ni kwamba lakabu ilirithiwa, tena si kwa mpangilio. Chukua ndugu wawili wa Batiscan, huku Québec, Nicolas Rivard dit Lavigne na Robert Rivard dit Loranger. Katika uzao wao wapo Rivard, Lavigne, Loranger, Lanouette na Bellefeuille, na wote ni damu moja. Mtoto anaweza kubatizwa Rivard, akaoa akiitwa Loranger, akazikwa kama Rivard dit Loranger. Kinyume chake, akina Saint-Onge wa parokia mbili huenda hawana undugu wowote, maana lakabu hiyo ilibebwa na koo nyingi. Wenye jina la Tremblay wana nafuu: karibu wote wa Amerika ya Kaskazini wanatokana na Pierre Tremblay na Ozanne Achon, waliooana Québec mwaka 1657.

Kwa hiyo kila ukoo uandikie orodha ya majina yake yote na tahajia zake, kwani padri aliandika alivyosikia. Ukikwama, liache wazi jina la ukoo la mume. Tafuta kwa jina lake la ubatizo, jina kamili la mke, na parokia. Kisha tazama ndoa za ndugu zake, maana mmoja wao huenda aliandikwa kwa majina yote mawili. Kwa waliohamia Marekani, ongeza na tafsiri: Boisvert aligeuka Greenwood, Roy akawa King.

Usiunganishe watu wawili kwa lakabu peke yake. Subiri uone wazazi.

Hatua ya 4: Majina ya ubatizo

Mtoto mara nyingi alipewa jina la msimamizi wake wa ubatizo. Baadaye, hasa karne ya 19, karibu kila mvulana alianzishiwa Joseph na kila msichana Marie. Jina la kuitwa nyumbani kwa kawaida ni la mwisho. Mtoto akifa, anayefuata aliweza kupewa jina lilelile, hivyo soma na kumbukumbu za mazishi kabla ya kuamua ni Jean-Baptiste yupi aliyeoa.

Hatua ya 5: Kuvuka bahari

Ndoa ya mhamiaji wa kwanza mara nyingi hutaja parokia na jimbo alikotoka Ufaransa. Isipotaja, tafuta mkataba wa ndoa kwa mthibitishaji wa mikataba (notaire), uliokuwa ukiandikwa kwa kawaida kabla ya siku ya kanisani. Ukipata kijiji, linganisha na Fichier Origine, hifadhidata ya asili za wahamiaji wa kwanza.