Kushindanisha visukuku vya wanyama: muongozo kwa sisi watu wa Malindi

Visukuku ni mabaki ya viumbe wa zamani sana yaliyohifadhika kwenye mawe. Kabla hatujaanza kupigana pointi tuelewane kitu kimoja, hapa kwetu tunashindanisha picha na maelezo, hatushindanishi mifupa yenyewe. Jamaa wa Florida akiokota jino la papa ufukweni anaenda nalo kwake analiweka kabatini na hakuna wa kumuuliza, lakini Kenya kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, ukiona kitu kama hicho una siku 7 kuwajulisha makumbusho, useme umekiona wapi na vipi, na kitu chenyewe wakabidhiwe wao. Kuchimba bila leseni usijaribu, na ndani ya marine park hata kombe usiguse. Kumuuzia mtalii ndo kabisa, hiyo ni kesi unajitafutia kwa mikono yako.

Haya, unatafuta wapi? Ule mwamba wa matumbawe unaoukanyaga ufukweni ulikuwa chini ya bahari kama miaka 125,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko sasa. Umejaa kombe na matumbawe, mifupa ni nadra, kwa hivo usikate tamaa ukirudi mikono mitupu. Nenda maji yakipwa wakati wa bamvua, mwamba unakuwa wazi mbali sana. Wanaokata mawe ya kujengea kule machimboni nao wanaona mengi, kaa nao vizuri, wanywesheni chai.

Sasa kazi yenyewe, kujua unachokiona, na hapa ndo wengi wanafeli. Kitu cha kwanza watu hutuma ni tumbawe wakidhani mfupa. Angalia vitundu: tumbawe lina vitundu vimepangika, kila kimoja ndani yake kuna vimistari kama nyota, na vimeenea mpaka juu. Mfupa juu ni laini umefungika, ndani ndo una vitundu vya ovyoovyo, vingine vikubwa vingine vidogo. Chukua kioo cha kukuza cha bei rahisi ama zoom ya simu, utaona mara moja.

Rangi isikudanganye. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa juzi ukikaa kwenye tope la mikoko unakuwa mweusi ti, unauona unasema huu ni wa enzi za Nuhu. Na ufukwe wa Sabaki ndo balaa zaidi, mto unashuka na kila kitu, mbuzi, ng'ombe, na viboko wako palepale mdomoni mwa mto. Jino la kiboko limejipinda, lina mifereji ya kwenda urefu wake, na ukiangalia upande wa shinani ni tupu ndani. Zuri mashallah, lakini si kisukuku. Taya la samaki pono nalo, yale meno yaliyoshikana kama mdomo wa kasuku, kila mwaka kuna mtu anatuma anasema dinosaria.

Uzito unasaidia kidogo, kisukuku mara nyingi ni kizito kwa sababu madini yameingia ndani, lakini mbavu za nguva ni nzito hata akiwa amekufa jana, kwa hivo uzito peke yake si ushahidi. Ile ya kulamba uone kama inashika ulimi muwaachie wenyewe, mfupa mkavu wa juzi pia unashika, alafu hujui mbuzi gani amepita hapo. Na msichome kwa kiberiti, mnaharibu.

Picha: piga tatu angalau. Moja ya mbali yenye mti ama jengo linalojulikana, moja ya kati kuonesha kimekaa kwenye tabaka gani, moja ya karibu na rula pembeni. Vidole si kipimo, kila mtu ana vyake. Nenda asubuhi ama saa kumi na moja jioni jua likiwa la ubavuni, saa sita kila kitu kinaonekana bapa. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na habari za mahali zinafutika. Ile pini ya lokesheni wapelekee majaji tu, usiiweke kwenye grupu, kuna watu wana nyundo.

Kwa majaji, mimi napendekeza alama 20: mahali 8, utambuzi 6, ukamilifu 3, picha 3. Najua mtalalamika mahali pamepewa nyingi. Angalieni Simbakubwa, yule mla nyama mkubwa wa miaka kama milioni 22: taya lake lilikaa droo ya makumbusho Nairobi miaka mingi, likaja kutangazwa 2019, na lilifaa kwa sababu ilijulikana limetoka Meswa Bridge. Mfupa mzuri usio na kwao ni pambo tu. Na ukamilifu tusiuabudu, yule mtoto aliyezikwa kwenye pango la Panga ya Saidi hapa hapa Kilifi, miaka kama 78,000 iliyopita, mifupa yake ilikuwa imeoza inakatika, ikabidi watie plasta wabebe donge zima.

Majaji wawe watatu, na mmoja awe mchinjaji na mwengine mvuvi mzee, wallahi hao wanajua pingili za mbuzi na meno ya papa kuliko sisi wenye kugoogle. Kila mmoja aandike alama zake kabla hawajaongea, la sivyo mwenye sauti kubwa anashinda. Mwenye ndugu kwenye shindano akae pembeni.

Na neno "ametoweka" mlitumie kwa adabu. Silikanti, yule samaki wa kale, wataalamu walikuwa wanamjua kwa visukuku tu, wakidhani ameisha duniani, mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na 2001 trola, meli ya kukokota nyavu, ikamtoa hapa Malindi.

Alama zikifungana, aliyeripoti makumbusho mapema ndo anachukua. Zawadi ni biriani ya samaki, anapika aliyeshika mkia.