Kumeza ARV bila kukosa, na kulala vizuri

Chagua saa moja ya kumeza ARV (dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI) na uiambatanishe na jambo usiloliacha kamwe, kama kupiga mswaki. Dolutegravir, mojawapo ya ARV hizo, huwanyima baadhi ya watu usingizi. Ukiona hivyo, hamishia dozi asubuhi badala ya kuiacha. Ukisahau, meza mara tu unapokumbuka, ila zikibaki chini ya saa 4 kabla ya dozi inayofuata, subiri hiyo. Usimeze mbili kwa pamoja.

Kinachoharibu mambo kimyakimya ni dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini: huinasa dolutegravir tumboni, isiingie kwenye damu vya kutosha. Imeze saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu unaweza kuvimeza nayo, mradi uwe unakula. Tumbo likiwa tupu, fuata saa zilezile.

Huzuni ikipita wiki 2, itaje kliniki. Inatibika, na ikiachwa huwakatisha watu dawa. Wingi wa virusi ukishuka chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu na ukabaki hapo, humwambukizi mwenzi wako kwa ngono.