Ichore mwenyewe historia ya Silverstone, kona kwa kona

Ubishi wa barazani juu ya gari lililopita kwa kasi kuliko yote Silverstone hauishi, kwa sababu watu hulinganisha raundi za njia zisizofanana. Uwanja huo wa mbio za magari wa Uingereza umebadilishwa mara nyingi tangu 1948. Dawa ni kuzichora njia zake kwa kipimo kimoja, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine.

Tafuta kompyuta yenye Google Earth Pro (ya saiba yatosha), karatasi ya A3, karatasi kadhaa nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake, penseli za rangi, rula na uzi wa pamba wa kushonea. Mshipi wa kuvulia haufai. Hujikunja na kuruka kwenye kona.

Ijaribu kwanza rula ya programu hapa hapa Mombasa. Njia kuu ya kurukia ndege ya uwanja wa Moi ina meta 3,350. Ukipata tofauti kubwa, huenda picha imeinama: bonyeza R ili uitazame kutoka juu wima, kaskazini ikiwa juu.

Sasa nenda Silverstone, upime njia ya leo. Weka nukta katikati ya lami, si pale madereva wanapokata kona, kwa maana urefu rasmi hupimwa katikati. Kona iliyojipinda kama Luffield yataka nukta kila meta 10 hadi 15. Sehemu iliyonyooka ya Hangar yataka mbili tu. Jibu liwe karibu na meta 5,891. Likipungua kwa zaidi ya meta 30, umekata kona mahali.

Chora pia mstari ulionyooka wa kilomita 1 juu ya picha, uchapishe, kisha uupime kwa rula. Unatakiwa kuwa sentimita 10 kamili. Printa nyingi huibana picha ienee kwenye karatasi, na hapo ndipo kazi za wengi zinapoharibika. Zima mpangilio huo, weka asilimia mwenyewe. Uzi ukiulaza juu ya njia ya leo utakuwa wa sentimita 58.9.

Njia za zamani zifuate kwa karatasi nyembamba, kila moja na rangi yake:

1948: kiwanja cha ndege za vita, kilichofunguliwa 1943. Magari yalipita barabara ya pembeni na njia za kurukia ndege, yakielekeana katikati, hata turubai zikatundikwa madereva wasionane. Luigi Villoresi alishinda kwa Maserati. Mwaka uliofuata njia za ndege ziliachwa.

1950: kilomita 4.649. Tarehe 13 Mei, Giuseppe Farina alishinda hapa mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula 1. Becketts ilikuwa kona moja ya kulia, na Stowe hadi Club palinyooka.

1975: kilomita 4.719. Woodcote iliwekewa zigizaga baada ya ajali kubwa ya 1973.

1991: kilomita 5.226. Becketts ikawa mfululizo wa kona, Vale na Luffield zikabadilika.

2010: njia ikaelekezwa ndani ya uwanja, na kona ya Bridge ikaachwa. Kuiona, rudisha picha za programu nyuma kabla ya mwaka huo.

Angalia sana kona ya Abbey. Ya zamani inakata kushoto, ya leo inakata kulia, na wengi huzichora kama moja. Weka alama ya mstari wa kuanzia pia, maana ulihamishwa 1952 kutoka kati ya Abbey na Woodcote hadi kati ya Woodcote na Copse, ukahamishwa tena 2011 hadi kati ya Club na Abbey.

Karatasi zikiwa tayari, piga hesabu: meta za njia gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia wa 1985, bado kwenye njia ya 1975, dereva Keke Rosberg alitumia sekunde 65.591: kilomita 259 kwa saa. Mchujo wa 2020, kwenye njia ya leo, Lewis Hamilton alitumia sekunde 84.303: kilomita 251.6. Ukiweka karatasi ya 1975 juu ya ile ya leo utaiona sababu. Rosberg hakuwa na zile kona za polepole za katikati, kwa hiyo namba hizo mbili haziwezi kuamua gari lipi bora.