SOMO: Kuandika riwaya mpaka iwe kitabu (someni hapa kabla hamjaja inboksi)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita "kaka nina stori kali, nichapishe wapi", nikiuliza mswada una kurasa ngapi naambiwa bado uko kichwani. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena namrushia hii.

1. Soma riwaya za wenzako. Kama husomi, usiandike.

2. Tenga muda. Mimi naandikia simu, alfajiri watoto hawajaamka au nikisubiri kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, maneno 500 tu kwa siku, ukienda hivo siku 100 una maneno 50,000 na hiyo riwaya tayari. Jitumie nakala kwenye imeili kila siku, simu zinaibiwa.

3. Maliza rasimu bila kurudi nyuma. Ukianza kuipiga pasi sura ya kwanza utaipiga pasi mpaka uzeeke.

4. Ifungie mwezi mzima, usiiguse.

5. Wape watu waisome KABLA ya kuchapa. Hapa ndipo nilipoumia so nivumilieni. Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza Ijumaa, Jumatatu niko kwa mchapaji mjini na hela niliyokopa kwenye kikundi, nakala 500, sikuomba hata nakala moja ya kuangalia. Mabox yamefika nyumbani nafungua, maneno ya upande wa mgongo yamemezwa na gundi, ili usome inabidi ukipasue kitabu. Nikasema poa, stori itanibeba. Nikampelekea cha kwanza jamaa yangu mvuvi pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, akasoma ukurasa mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimefungua na mtumbwi wa dagaa ziwani, mbalamwezi imejaa inang'aa juu ya maji, nimeipamba kweli kweli. Afu akaniambia taratibu, shemeji, dagaa tunavua giza, taa ndo inawavuta, mwezi ukijaa tunalala nyumbani. Sura nzima ya kwanza imekufa! Na kosa liko mara mia tano, chini ya kitanda changu. Mwaka uliofuata nilinunua karanga Igoma nikakuta zimefungwa kwenye ukurasa wangu wa 112.

Kwa hiyo: watu watatu angalau, mmoja awe anaijua kazi au sehemu unayoiandika, na mmoja awe hakupendi sana. Mama yako hahesabiki. Mwingine mwambie akusomee kwa sauti wewe umekaa kimya, pale anapojikwaa weka alama, usimweleze ulimaanisha nini. Na USILIPE nakala zote kabla hujashika moja mkononi ukaisoma yote.

6. Tafuta mhariri, umlipe. Rafiki yako mwalimu wa Kiswahili atakurekebishia herufi, lakini hatakwambia kwamba sura ya nne haina kazi.

7. Mchapaji sio mchapishaji. Mchapaji unamlipa, anakupa vitabu, kuuza ni shida yako. Mchapishaji anaukubali mswada, gharama ni zake, wewe unapata mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Anayejiita mchapishaji afu anakudai milioni mbili za "kuanzia", huyo ni mchapaji aliyevaa suti.

8. ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Hakimiliki unayo tangu umeandika, kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kwa ajili ya ushahidi mkigombana.

MASWALI

Dogo_Buhongwa: Shukrani mkuu, somo zuri sana. Sasa mimi nina stori kali ya mapenzi, nichapishe wapi?

Mtoa somo: Namba 7.

Dogo_Buhongwa: Nimesoma mkuu, ila naomba jina la ofisi

Mtoa somo: Mswada una kurasa ngapi?

Dogo_Buhongwa: Nipo kwenye jalada kwanza

Mtoa somo: Namba 3.

BintiNansio: Kaka samahani, wahusika wangu ni Wakerewe na Wasukuma, wakiongea Kiswahili cha vitabuni naona wamekuwa kama watangazaji wa redio. Nifanyeje?

Mtoa somo: Dada hili ndo swali. Usijaze lugha ya nyumbani kila mstari, na usiandike lafudhi ili watu wacheke. Chukua neno moja moja liingie pale moyo unapochemka: mama anaongea Kiswahili safi mbele ya mgeni, mgeni akitoka tu anasema "ng'wanawane, umeniaibisha". Msomaji wa Tanga hajui Kisukuma lakini ameelewa ni mama na mtoto, hauhitaji kutafsiri. Na wewe wa Ukerewe una babu wa kazi hii hapo hapo, Aniceti Kitereza riwaya yake aliimaliza kwa Kikerewe 1945, kwa Kiswahili ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ukimaliza angalia pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iko chini ya Taasisi ya Elimu, riwaya zinapokelewa. Nitumie sura moja nitaisoma.

Kamanga_Juu: Unafundisha watu, we mwenyewe umeuza ngapi?

Mtoa somo: Cha kwanza nimeshasema kimefungia karanga. Cha pili nakala 300 zimeisha, nilikuwa nazunguka nazo mwenyewe shule kwa shule. Kuna ulichotaka kujifunza au?

BintiNansio: Nitatuma kaka. Na hao wavuvi unawapataje waongee? Nikiwafuata wako bize.

Mwaloni_Tu: Samahani naingilia, mimi ndo yule mvuvi wa kwenye somo 😂 dada njoo siku za mbalamwezi, tupo nchi kavu tunashona nyavu, utaongea mpaka uchoke. Usije na daftari, watu watadhani ni doria. Na siku hizo usinunue dagaa, bei inapanda.

BintiNansio: Asante sana shemeji wa watu 🙏

Mwaloni_Tu: Karibu. Ila mtoa somo, kitabu cha pili ulipoandika sangara kavuliwa kwa karabai, taa yetu ya dagaa, nilinyamaza tu.

Mtoa somo: Njoo inboksi.