Somo: Unataka shamba Makete? Anza na safari ya Julai

Habari za asubuhi wanakikundi, na shikamooni wakubwa wote. Wiki iliyopita ndugu yetu mmoja alituma picha hapa, "ekari kumi Makete, bei ya kutupa", akauliza kama atume hela. Niliahidi kujibu kwa urefu, maana kila mwaka swali hili linarudi. Mtu yuko Dar au Dodoma, ameona kwenye simu magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara, ukungu mlimani, mioyo inadunda. Kesho yake anamtumia dalali hela, na hajawahi kukanyaga hata Chimala, mji ulio chini ya milima hiyo.

Mimi naishi Uyole, Mbeya. Nalima viazi na nimepanda miti upande wa Matamba, hukohuko Makete, huu ni mwaka wa nane. Ninachowaombeni ni kimoja: miguu yenu ifike kabla ya hela zenu.

Hatua ya 1: Uliza kijiji, usiulize wilaya

Makete iko mkoa wa Njombe. Kabla ya 2012, Njombe ilipofanywa mkoa, ilikuwa ndani ya Iringa, ndiyo maana wazee wengine bado wanasema "kwetu Iringa". Wenyeji wengi ni Wakinga, ndugu wa hao mnaowakuta wakifanya biashara Kariakoo.

Mtu akikwambia "shamba liko Makete" hajakwambia kitu. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mlima Mtorwi unafika mita 2,961. Lakini kata ya Mfumbi, ambayo nayo ni Makete, iko chini kabisa ukingoni mwa bonde la Usangu, kwenye joto. Wilaya ni moja, lakini juu unavaa koti na chini unatafuta kivuli. Kwa hiyo uliza: kata gani, kijiji gani, kitongoji gani, na shamba liko mgongoni mwa kilima, mteremkoni au bondeni?

Hatua ya 2: Nenda mara mbili, Julai na Machi

Ukitoka Mbeya unapanda kwa Isyonje na Kikondo hadi Kitulo. Au unafuata barabara kuu ya Iringa hadi Chimala, halafu unapanda Matamba kwa ile njia tunayoiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake 57. Anayetoka Dar anaweza kupitia Makambako na Njombe, njia ambayo sasa ina lami hadi Makete mjini.

Kwa nini Julai? Kwa sababu ya jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu usiku. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na viazi bondeni, nilivyovipanda kiangazi kwa kutegemea unyevu wa kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi. Jioni niliviacha vimesimama vizuri, kijani kibichi. Asubuhi saa kumi na mbili nikakuta majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, ukilishika moja linavunjika mkononi. Saa nne jua lilipokolea, shamba zima liligeuka jeusi, limelala kama mboga iliyochemshwa. Shamba la jirani yangu, hatua kama mia mbili kutoka langu lakini juu mteremkoni, halikuguswa hata jani. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kutulia bondeni. Hakuna picha ya dalali itakayokuonyesha hilo. Nenda Julai, lala huko, amka mapema, ukanyage majani kwa miguu yako. Pale yanapolia chini ya kiatu, ujue viazi vya kiangazi havina kwao.

Machi ni kwa ajili ya barabara. Mvua za huku huanza Novemba na kwenda hadi Mei, na Machi udongo umeshashiba. Angalia lori linavyopita kutoka shambani hadi barabara kubwa. Kama linavutwa kwa kamba, au kama watu wanabeba magunia kichwani hadi linapoishia, basi mnunuzi atakata gharama hiyo kwenye bei yako. Mkulima ndiye anayelipia tope.

Machi hiyohiyo maua ya Kitulo bado yapo. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa, yenye aina zaidi ya arobaini za okidi. Msimu mzuri wa maua ni Desemba hadi Aprili. Lipeni kiingilio, tembeeni na muongozaji, msing'oe kitu. Viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupafanya hifadhi. Mimi kila mara nikipita pale nasimamisha gari. Sijazoea.

Hatua ya 3: Ofisi ya kijiji kabla ya shamba

Fika kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, jitambulishe, eleza nia yako, andika kwenye kitabu cha wageni. Mjue na mwenyekiti wa kitongoji, maana huyo ndiye anayejua mpaka wa nani uko kwenye mti gani. Ukisalimiwa "kamwene", itikia kwa heshima, kaa, kunywa chai. Usiulize bei siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Kodi msimu mmoja

Hapa wengi hawana subira. Kodi ekari moja, andikishianeni mbele ya serikali ya kijiji, lima viazi msimu mmoja. Viazi vinakaa shambani miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo ndani ya nusu mwaka utajua mambo ambayo mwenye kununua haraka anayajua baada ya miaka mitano: nani kibarua wa kweli, mbolea inafikaje, mnunuzi gani analipa.

Mbegu ndiyo gharama itakayokushtua. Ekari moja inakula kilo 800 hadi 1,000, ukipanda sentimita 75 kwa 30. Usichukue viazi vidogovidogo vilivyobaki sokoni. Mbegu inayorudiwa miaka na miaka hubeba mnyauko wa bakteria na virusi, na mnyauko ukishaingia kwenye udongo umeingia. Tafuta mbegu iliyothibitishwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kimetoa aina kama Asante, Sherekea, Meru na Tengeru, ulizia hapo ni nani anayezizalisha karibu na kijiji chako. Na ugonjwa wa ukungu wa majani huku unakuja na ukungu wa mlimani: siku mbili tatu za manyunyu bila jua, madoa ya kahawia yameshaanza. Dawa ya kukinga hupigwa kabla ya madoa. Ukisubiri uyaone, umechelewa.

Hatua ya 5: Kununua

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mwenyekiti peke yake hawezi kukugawia ardhi ya kijiji, hata akugongee mihuri kumi. Halmashauri ya kijiji inakaa, inaandika muhtasari, na mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha. Kama unanunua kwa mtu, bado serikali ya kijiji lazima ihusike, majirani wa pande zote nne wasaini, na mke au mume wa muuzaji pamoja na watoto wake wakubwa wawepo. Mwisho fuatilia Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ndiyo hati ya kumiliki ardhi ya kijiji.

Nasisitiza watoto kwa sababu niliumia. Nilinunua ekari nne kwa mzee mmoja mwema kabisa, hakuwa tapeli. Kumbe lile lilikuwa shamba la urithi, la ndugu watano, na yeye alijiona mkubwa wao tu. Mwaka uliofuata wadogo zake wawili walikuja kutoka mjini, wakasimama katikati ya miche yangu ya paina. Hawakunitukana. Mmoja alinionyesha kaburi la mama yao, pembeni chini ya mti, ambalo mimi nilidhani ni rundo la mawe. Tulikwenda baraza la ardhi la kijiji mara sita, na nikabaki na ekari mbili. Tangu siku hiyo nikipita kwenye shamba linalouzwa natafuta makaburi kwanza.

Jambo la kupita haraka: pima na mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ekari nzuri yenye mto katikati inaweza isikubakizie kitu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada, Dodoma: *Kaka, nimependa parachichi. Naweza kupanda Hass hukohuko Kitulo?*

Hapana dada yangu. Jalidi ileile iliyoua viazi vyangu itaua miche yako. Parachichi tafuta vijiji vya chini zaidi, au Rungwe na Njombe kwenye maeneo yasiyopigwa na jalidi. Huko juu kuna viazi, ngano, pareto na tufaha, yale tunayoita epo, ambayo yanaitaka hiyo baridi. Pareto wengi wanaisahau, nayo inapenda baridi ndipo itoe maua. Ila kuchuma na kukausha kunataka mikono ya kila wiki, si zao la mtu wa mbali.

Ndugu, Dar: *Mimi nataka miti tu. Nipande paina nirudi baada ya miaka kumi.*

Ukirudi baada ya miaka kumi bila kuhudumia, utakuta majivu au vijiti. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari inachukua miche kama 450. Inapaliliwa, inapogolewa matawi, inapunguzwa. Na lazima ulime barabara za moto, yaani njia zilizosafishwa ili moto usivuke, kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea, maana Agosti hadi Novemba watu wanaandaa mashamba kwa moto na upepo wa mlimani haubembelezwi. Weka mtu wa hapohapo kijijini, umlipe kila mwezi bila kuchelewa. Na miaka kumi ni michache kwa mbao nzuri. Wengi wanakata mapema kwa shida za ada na matibabu, halafu wanauza kwa bei ya kuni.

Mama, Morogoro: *Mwanangu, hili suala la lumbesa limeisha?*

Shikamoo mama. Halijaisha. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia lake, anajaza, anashona wavu juu, anaongeza kilemba hadi linakuwa refu kuliko kijana anayelibeba. Mwaka juzi tulilipima moja kwenye mizani, likasoma kilo 138, na mkulima alikuwa analipwa gunia moja. Nunua mizani, uza kwa kilo, na muuze kwa pamoja na majirani. Mkulima mmoja akikataa kilemba, mnunuzi anahamia shamba la pili. Tulipokataa kumi na wawili siku moja, alipima.

Kaka, Tunduma: *Nina mshirika Mzambia. Tunaweza kuandika shamba kwa jina lake?*

Hapana. Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ni safari ndefu. Na usimfiche nyuma ya jina lako, mkigombana nyote mtapoteza.

Mwalimu, Songea: *Nikiugua huko?*

Mwalimu, wengi wetu tuliijua Makete kwa sababu ya hospitali ya Ikonda. Watu wanatoka mikoa ya mbali kutibiwa pale. Beba koti zito, soksi mbili mbili na buti za mvua, na hela taslimu kidogo kwa sababu mtandao unakatika ukivuka vilima.

Yule ndugu wa ekari kumi: *Nimesoma yote kaka. Lakini dalali anasema kuna mteja mwingine analipa Ijumaa.*

Basi mdogo wangu, mwache huyo mteja alipe Ijumaa. Wewe Ijumaa panda basi. Shuka Uyole, lala kwangu, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunapanda Isyonje. Nataka tufike shambani kabla jua halijatoka, huu ni mwezi wa saba.